Nililia kwenye fado Lisbon. Je, Sarajevo nitakuta kitu kilekile?

SWALI: Shikamoo kaka. Mwaka jana kazini walitupeleka Lisbon siku 5, usiku wa mwisho tukaenda kusikiliza fado, zile nyimbo zao za huzuni. Kireno sijui hata neno moja ila nililia, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata taarifa ya msiba. Sasa kuna mtu kaniambia eti nikienda Sarajevo nitakuta kitu kilekile, eti hata neno lao la huzuni ni moja. Mi naona Lisbon iko baharini kule mwisho wa Ulaya, Sarajevo iko milimani Balkan, hawa Wakatoliki wale wengi Waislamu, lugha hazihusiani. Inawezekanaje? Au ni maneno tu ya kuuzia tiketi? Nataka kwenda likizo ya mwakani, sitaki kupoteza hela.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usione aibu kwa hayo machozi, nimeshapeleka vikundi vingi kwenye fado na kila kikundi hakikosi mtu wa hivo, na mara nyingi ni mtu wa kwetu pwani. Nitakwambia kwanini huko mbele. Kuhusu swali lako, jibu langu ni nenda, kufanana kupo na ni kwa kweli kabisa, ila sababu uliyopewa siyo, na mi nadhani sababu yenyewe ni nzuri kuliko hiyo uliyoambiwa.

Tuanze na hilo neno maana linanikera kila nikilisikia. Wareno wana saudade, ile hali ya kumkumbuka mtu au kitu ambacho hakipo na pengine hakitarudi. Wabosnia, ndo watu wa huko Sarajevo, wana sevdah, na nyimbo zao zinaitwa sevdalinka. Ukiyasikia haraka haraka yanafanana, saudade, sevdah, ndo watu wakaamua ni neno moja. Sevdah asili yake ni Kiarabu, sauda, yani nyeusi, na hapa inamaanishwa nyongo nyeusi. Waganga wa zamani waliamini mwili una maji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ile ya njano wanaiita safra, na sisi tunayo mpaka leo, si ndo safura hii ya mtoto kupauka na kuvimba? Sasa ndugu yake ni hiyo sauda, ikimzidi mtu hali, halali, anakaa dirishani tu, na nani mwingine anakuwa hivo kama siyo mtu aliyependa. Waturuki wakaligeuza likawa neno la mapenzi, Wabosnia wakalipokea kwa Waturuki wakabaki na vyote viwili, mapenzi na uchungu wake. Saudade yenyewe inatoka Kilatini, neno la upweke, kwenye Kireno cha kale iliandikwa soidade. Wapo waliosema huenda Kiarabu kiliisukuma kidogo, lakini njia inayojulikana ni ya Kilatini. Kwahiyo siyo neno moja. Ni miji miwili ambayo kila mmoja umechimba kisima chake na maji yakatoka na ladha ileile, hilo kwangu ni kubwa kuliko maneno kufanana.

Sasa kufanana kwenyewe kuko wapi. Kumbuka usiku ule Lisbon. Mnakula, vijiko vinagonga sahani, watu wanacheka, mara taa zinapunguzwa, mhudumu anasimama palepale alipo na sinia mkononi, na mtu anasema kimya, fado inaimbwa. Hakuna anayeagiza kitu tena. Yule mama anasimama na shali nyeusi mabegani, anafumba macho, anainua kichwa nyuma kidogo, na lile gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 linamjibu kila anapovuta pumzi. Haimbi ili ufurahi, na wala hataki upige makofi ya mdundo. Anauweka uchungu mezani mbele ya watu wote na watu wote wanauheshimu kwa kunyamaza. Sevdalinka ni hivohivo. Zile za zamani zilipigwa na saz, kinanda chenye shingo ndefu walichopokea kwa Waturuki, kodiani ilikuja baadaye zama za utawala wa Austria, na mwimbaji anaachiwa neno alivute anavyotaka bila mdundo kumfukuza, na wanaosikiliza wanatazama chini kwenye vikombe vyao. Yani kote kuwili huzuni siyo ugonjwa wa kuficha chumbani, ni kitu cha kukaa nacho mkiwa wengi.

Na hapa ndo nakuja kwenye machozi yako. Wewe umekulia pwani, umesikia taarab tangu uko mgongoni, ile ya asili, ya Siti binti Saad na waliomfuata, mtu anaimba mapenzi yaliyomuumiza na wasikilizaji wanamtunza kwa kumwelewa. Sikio lako limeshafundishwa kusikia uchungu uliovaa nguo nzuri. Ndo maana lugha haikukuzuia.

Ila Sarajevo itakuchukua kwa namna nyingine kabisa, maana huko maneno utayasikia. Nikupe mfano mmoja tu. Kuna sevdalinka mashuhuri sana inaitwa Emina, shairi lake kaliandika Aleksa Šantić wa mji wa Mostar, likatoka 1902. Kijana anatoka hamam, bafu la maji moto, anapita kwenye bustani ya imamu wa mtaa, anamwona Emina kasimama kwenye kivuli cha yasmini na ibrik mkononi. Anampa selam. Emina hataki hata kusikia. Sasa hesabu mwenyewe: hamam, imam, ibrik, jasmin, selam. Hamamu, imamu, birika, yasmini, salamu. Mara ya kwanza niliposomewa lile shairi neno kwa neno nilimwambia anayenisomea asubiri kwanza, nikarudia mwenyewe kwa sauti. Na ujue Šantić alikuwa Mserbia, Mkristo wa Orthodoksi, anamwandikia msichana wa Kiislamu, binti wa imamu jirani yao, na leo unaimbwa na watu wa dini zote kule.

Haiishii hapo. Kikombe cha kahawa ni fildžan, finjani. Duka ni dućan. Sanduku ni sanduk. Msafiri kwao ni musafir, ila kwao ndo mgeni aliyefika nyumbani. Maskini ni fukara, subira ni sabur, riziki ya mtu wanaiita nafaka, na mtu mjeuri anaitwa hajvan, yani hayawani. Kule kuchumbiana kwa zamani, kijana anasimama nje ya geti au chini ya dirisha na msichana yuko ndani, wanakuita ašikovanje, na mzizi wake ni ileile ashiki yetu. Dirisha lenyewe lina wavu wa mbao, mušebak, dada wa ndani anaona nje na wa nje haoni ndani, sawa na yale ya Mji Mkongwe. Nenda Svrzina kuća, nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho, usimame nyuma ya lile dirisha dakika mbili uangalie mtaani, nyimbo nusu nzima utakuwa umezielewa bila mkalimani.

Utauliza Lisbon inaingiaje hapo. Inaingia vizuri tu. Ule mtaa wa Alfama uliopanda nao ngazi, jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, kwa sababu chini pale kulikuwa na mabafu kweli. Kwahiyo unayo Alfama Lisbon, unayo hamamu ya Gazi Husrev-beg Sarajevo ambayo sahivi iko ndani ya jengo la Bošnjački institut, na unayo Hamamni Unguja aliyoijenga Sultan Barghash. Neno moja, miji mitatu. Waislamu waliishika Lisbon mpaka 1147 alipoichukua mfalme Afonso Henriques, waliobaki wakapewa mtaa wao chini ya ngome, Mouraria, na ni Mouraria hiyohiyo alikoimba Maria Severa, yule wanayemhesabu mama wa fado, aliyefariki 1846 akiwa na miaka 26 tu. Zile shali nyeusi wanasema ni kumkumbuka yeye. Wareno mpaka leo wanasema fulano wakimaanisha fulani, na oxalá wakimaanisha Mungu akipenda, sikiliza vizuri utaisikia inshallah humo ndani.

Wareno nao walituachia yao, meza, bendera, kopo, gereza, na leso yenyewe inatoka kwenye lenço. Kwahiyo Mswahili akikaa kati ya miji hii miwili anakuwa kama mtoto wa shangazi aliyelelewa mbali, huku anatambua jina, huku anatambua sura.

Kuna kamba nyingine inayounganisha pande hizi na hii ni ya historia kamili, siyo ya kufanana tu. Wayahudi. Hispania iliwafukuza 1492, wengi wakakimbilia Ureno, Ureno nayo ikatoa amri yake 1496, halafu mwaka 1506 wakauawa wengi mno Lisbon, mauaji yalianzia kanisa la São Domingos pale karibu na uwanja wa Rossio. Pale nje kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota, liliwekwa 2008, bila shaka ulipita pembeni yake ukienda kununua ginjinha, ile pombe yao ya cheri. Wayahudi wa Hispania na Ureno waliofukuzwa walipokelewa na dola ya Waturuki, na wengine karne ya 16 wakafika Sarajevo na Kihispania chao cha kale, wakakizungumza majumbani na kuimba nacho mpaka karne ya 20. Walikuja na vitabu pia, na kimoja kiko Makumbusho ya Taifa ya Sarajevo, Haggadah ya Sarajevo, kitabu cha ibada ya Pasaka ya Kiyahudi, iliandikwa na kuchorwa Hispania karne ya 14. Kurasa zina madoa ya mvinyo, maana ilisomwa mezani kwenye karamu ya Pasaka hiyo na watu wa kawaida. Wanazi walipokuja kuitaka 1942 aliyeificha ni Derviš Korkut, Mwislamu, mtunza vitabu wa makumbusho hayo. Mi kila nikifika hapo nashindwa kuongea na wageni wangu kwa muda, nawaacha tu waangalie. Ulizia mapema siku na saa za kuonyeshwa, siyo kila siku ukifika unaikuta wazi.

Mengine nayapitia. Miji yote miwili ni ya vilima, magoti yatakwambia. Yote ina tramu za zamani, Sarajevo walianza na ya kuvutwa na farasi 1885 na ya umeme 1895, Lisbon ya umeme ilianza 1901. Yote ina tabia ya watu kupanda juu jioni kuangalia jua linazama bila kufanya kitu kingine, Lisbon ni zile miradouro, Sarajevo ni Žuta tabija, ngome ya njano, na ukienda Ramadhani ndo wanapopigia mzinga wa kufuturu, familia zimekaa kwenye nyasi na vyakula vyao wanasubiri mlio, taa za misikiti zinawaka moja moja chini bondeni. Kwakweli kama unaweza kupanga likizo iangukie Ramadhani, fanya hivo.

Kahawa sasa. Lisbon ulikunywa bica, kikombe kidogo umesimama kaunta na pastel de nata, kile kikeki cha mayai na maziwa. Sarajevo inakuja kwenye sinia, džezva ya shaba, yani kibirika cha kuchemshia kahawa, finjani tupu, vipande vya sukari, glasi ya maji na kipande cha rahat lokum, ambacho ndo kashata yao. Usiimimine upesi. Toa povu juu kwa kijiko uliweke kwenye finjani kwanza, halafu mimina taratibu, chovya ncha ya sukari kwenye kahawa, ing'ate, ndo unywe kahawa ipite juu ya utamu. Saa nzima kwa džezva moja siyo ajabu. Watakwambia polako, yani taratibu, na utacheka kwasababu unasikia pole pole, hiyo ni bahati tu maneno hayana undugu, lakini maana ni ileile. Na usiite kahawa ya Kituruki mbele yao, sema ya Kibosnia.

Ujirani pia. Mwezi wa 6 Lisbon, usiku wa kuamkia tarehe 13, sikukuu ya Santo António, vichochoro vya Alfama vinajaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa mlangoni, na watu wanapeana chungu kidogo cha mrihani chenye karatasi ya shairi la mapenzi. Ule mrihani huunusi kwa pua moja kwa moja, wanasema utanyauka, unaugusa kwa kiganja halafu unanusa kiganja. Sarajevo wao siku ya Bajram, ndo Idi, sahani za baklava zinavuka ukuta kwenda kwa jirani, na jirani wa dini nyingine anarudisha za kwake kwenye sikukuu yake. Wanaita komšiluk. Mahala kwao ni mtaa, na mtu anatambulishwa kwa mahala yake kwanza.

Na kuna tabia moja ya Sarajevo ambayo Lisbon sijaikuta kwa kiwango hicho, inat, inadi yetu hii hii. Waaustria walipotaka kujenga Vijećnica, jumba la manispaa, miaka ya 1890, wanasimulia mzee mmoja alikataa nyumba yake ibomolewe. Wakambembeleza sana mwisho akakubali kwa masharti, mfuko wa dhahabu, na nyumba yake ihamishwe tofali kwa tofali ng'ambo ya mto Miljacka. Ipo mpaka leo, Inat kuća, ni mgahawa, unakula unaitazama Vijećnica dirishani.

Hapo hapo kwenye Vijećnica ndo nikuambie tofauti, maana sitaki uende na kichwa kilichojaa kufanana peke yake. Huzuni ya Lisbon chanzo chake ni maji. Mabaharia, wahamiaji, vijana waliopelekwa kupigana Angola, Msumbiji na Guinea kuanzia 1961 mpaka mapinduzi ya Aprili 1974. Mtu kaondoka, aliyebaki anaimba gatini. Kwenye sevdalinka kwa kawaida hakuna aliyeondoka mbali, mpenzi yuko mtaa wa pili na humpati, ukuta ni wa familia na desturi. Ndo maana sevdah ina utamu wa mwili ndani yake, harufu, mikono, bustani, kuliko fado. Halafu Sarajevo ina jeraha ambalo wenye nalo bado wako hai. Wakati wa vita vya Bosnia mji ulizingirwa tangu Aprili 1992 mpaka Februari 1996, na Vijećnica, ambayo ilikuwa maktaba ya taifa, ilichomwa Agosti 1992, imefunguliwa tena 2014. Walipoadhimisha miaka 20 tangu mji uanze kuzingirwa walipanga viti vyekundu vitupu 11,541 barabarani, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa. Utaona sakafuni alama nyekundu zimejazwa kwenye mashimo ya makombora, usizikanyage kwa ajili ya picha. Usiulize mtu wewe ulikuwa wapi vitani. Akitaka atakwambia, na mara nyingi ni kwenye kahawa ya pili.

Tofauti nyingine ni namna ya kuzipata hizo nyimbo. Fado imepangwa, kuna nyumba zake, kuna Museu do Fado pale Alfama tangu 1998, UNESCO iliitambua 2011. Mwimbaji wao mkubwa wa fado, Amália Rodrigues, alipofariki 1999 serikali ilitangaza maombolezo siku 3. Sevdah imeingia UNESCO 2024, na haina mitaa ya watalii kama hiyo. Anzia Art kuća sevdaha katikati ya mji wa kale, kaa uani unywe kahawa usikilize rekodi za Himzo Polovina, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili na bado akawa mmoja wa waimbaji wao wakubwa kabisa. Baada ya hapo waambie wenyeji unatafuta sevdah ya kweli, wakiona unamaanisha utapelekwa, mara nyingi sebuleni kwa mtu.

Sasa ya mfukoni. Bosnia haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wala Umoja wa Ulaya, kwahiyo ukipanga kupitia Ureno au nchi nyingine ya Schengen hakikisha viza yako ni ya kuingia mara nyingi, na masharti ya kuingia Bosnia kwa pasipoti yako uyapate ubalozini kabla hujalipia tiketi. Niliwahi kuwa na mgeni aliyekuwa na viza ya kuingia mara moja, alitoka vizuri, kurudi ikashindikana, tiketi yake ya Lisbon ikapotea nzima. Hela yao ni marka, euro moja ni kama marka 1.96, haibadiliki. Chakula huna shida, halali imejaa mjini, ila ujue burek, ule mkate wao wa unga mwembamba uliojazwa ndani, kwao ni ya nyama tu, ya jibini inaitwa sirnica, ya mchicha zeljanica, ukisema burek ya jibini watakusahihisha palepale. Kama Ramadhani haiwezekani, nenda Mei au Septemba. Baridi kali theluji ni nzuri ila moshi unakaa bondeni na kifua kinauma.

Siku 4 Sarajevo zinatosha, ongeza moja ya Mostar umwone Šantić kwao. Na usinunue džezva dukani kwa haraka siku ya kwanza, nenda mtaa wa mafundi wa shaba, Kazandžiluk, ukae uwasikilize wanavyogonga, chagua nzito iliyopakwa bati ndani. Ukirudi Tanga nipikie.